Mtengeneza Silaha Hana Kazi Darasani

Tangazo lilivutia. Tikiti ya ndege bila malipo, mshahara wa dola, kitanda hosteli, masomo ya lugha na maisha mapya Ulaya. Mwombaji alitakiwa awe msichana wa miaka 18 hadi 22, acheze mchezo mmoja wa kompyuta, kisha afaulu mtihani wa maneno 100 ya Kirusi. Basi. Mwezi Oktoba 2024 shirika la habari la Associated Press lilieleza safari hiyo iliishia wapi: Alabuga, eneo maalumu la viwanda katika jimbo la Tatarstan, kiasi cha kilomita 1,000 mashariki mwa Moscow. Huko wasichana wapatao 200 kutoka Afrika walikuwa wakiunganisha ndege zisizo na rubani, zile droni ambazo Urusi huzirusha Ukraine. Kenya na Uganda zilikuwa miongoni mwa nchi walikotoka. Baadhi yao waliwaambia waandishi kwamba masomo na mishahara waliyoahidiwa hawakuiona, kwamba walifanya kazi saa nyingi chini ya macho ya wasimamizi, na kwamba kemikali walizozishika ziliwawasha na kuwaachia madoa kwenye ngozi. Kiwandani humo walikuwamo pia wanafunzi wa Kirusi wa chuo cha ufundi, wengine wakiwa na miaka 16 tu.

Naweka msimamo wangu wazi mapema. Kampuni inayotengeneza au kuuza silaha, pamoja na mawakala wake, haina kazi shuleni. Isifadhili, isifundishe, isitoe zawadi za mashindano ya sayansi, isichapishe vitabu vya wanafunzi, wala isisajili vijana kupitia ofisi ya mwalimu. Katazo hilo lisichague bendera. Liwahusu Warusi wa Alabuga, Waingereza, Wamarekani na Waturuki, na hata kiwanda chetu cha bunduki kilichofunguliwa Ruiru mwezi Aprili 2021. Tena sioni haja ya kungoja Nairobi iamke. Bodi za shule na vyuo vya Meru na Embu zinaweza kuanza muhula huu, na zina sababu kuliko wengi.

Sababu ya kwanza ni kwamba kaunti hizi mbili hupenda shule kuliko mifuko yake inavyoruhusu. Pesa za majani chai ya Embu, kahawa ya Imenti, miraa ya Igembe na muguka wa Mbeere hupita mkononi mwa mzazi zikielekea kwa mwekahazina wa shule. Kijana akimaliza kidato cha nne, familia imeshauza ng'ombe na imeshakopa kwenye sacco, nayo inamtazama yeye. Sasa tutazame hesabu ya taifa. Mwaka 2024 watahiniwa 962,512 walifanya mtihani wa KCSE, na 246,391 kati yao ndio waliopata C+ kwenda juu, alama ya kuingilia chuo kikuu moja kwa moja. Waliobaki walizidi laki saba. Ni wengi mno, wana cheti na simu ya mkononi, na umri wao ni uleule uliotajwa kwenye tangazo la Alabuga. Anayetafuta mikono ya bei nafuu hahitaji kupekua sana.

Sababu ya pili ni kwamba bunduki si ngeni kwetu. Upande wa Tigania Mashariki, Igembe na Buuri unaopakana na Isiolo, mzazi akisikia milio usiku hujua ni wezi wa mifugo, na asubuhi huamua kama mtoto ataenda shule au atabaki nyumbani. Isiolo yenyewe ni mji wa kambi na vyuo vya mafunzo ya jeshi. Ukivuka Timau unakaribia Nanyuki, makao ya kikosi cha Uingereza kinachofanyia mazoezi Laikipia na Samburu. Kikosi hicho hutangaza miradi yake ya kijamii, ikiwemo ya kusaidia shule. Huko huko, mwaka 2002, Wizara ya Ulinzi ya Uingereza ilikubali kulipa pauni milioni 4.5 kwa wafugaji zaidi ya 200 wa Kimaasai na Kisamburu waliojeruhiwa au kufiwa kutokana na mabomu yaliyosalia malishoni baada ya mazoezi. Wengi wao walikuwa watoto walipokutana na vyuma hivyo wakichunga. Malipo hayo yalikuja baada ya miaka mingi ya malalamiko na kesi, si kwa hisani. Kwa hiyo mtu wa silaha akituletea madawati, tunayo haki ya kumuuliza mengine aliyotuletea.

Jinsi mlango unavyofunguka

Watu wengi hudhani tasnia ya silaha ikitaka kuingia shuleni itakuja na vifaru. La. Huingia kwa hatua nne za kistaarabu, na kila hatua ikitazamwa peke yake haina ubaya.

Hatua ya kwanza ni pengo la pesa. Serikali iliahidi mgao wa Sh22,244 kwa mwaka kwa kila mwanafunzi wa sekondari ya kutwa. Mwezi Julai 2025 Waziri wa Fedha, John Mbadi, aliwaambia wabunge kwamba kinachoweza kutolewa ni takriban Sh16,900. Mwalimu mkuu mwenye wanafunzi 600 akipiga hesabu ya pengo hilo anapata zaidi ya shilingi milioni tatu kwa mwaka. Kwa shule ya kutwa ya Kiritiri au Mikinduri hizo ni kemikali za maabara, mishahara ya walimu wa bodi, na umeme. Mtu akifika ofisini kwake na hundi ya kununulia darubini na kompyuta, mwalimu huyo hatauliza kampuni inaunda nini. Atauliza jina la shule liandikwe vipi kwenye bango la uzinduzi. Simlaumu yeye. Namlaumu aliyemwacha na pengo.

Hatua ya pili ni jina zuri. Hakuna anayeleta "elimu ya silaha". Kinacholetwa ni sayansi, teknolojia, uhandisi na hisabati, ni uwezeshaji wa msichana, ni ufadhili wa masomo, ni kazi majuu. Haya ndiyo maneno ambayo Wizara ya Elimu na Wizara ya Leba zimekuwa zikiyaimba miaka yote hii. Mtaala mpya unataka wanafunzi wengi zaidi waelekee sayansi katika shule za upili za juu, na serikali imewahimiza vijana watafute ajira nchi za nje. Mwenye kiwanda cha silaha hahitaji kubuni mahubiri yake. Huyachukua ya serikali na kuyabandikia nembo.

Hatua ya tatu ni mjumbe anayeaminika. Simama mbele ya ubao wa matangazo wa shule yoyote hapa kwetu, ule ulio karibu na chumba cha walimu. Utaona ratiba ya mitihani, orodha ya wenye deni la karo, tangazo la ufadhili wa kanisa, na karatasi za rangi za vyuo vinavyotafuta wanafunzi, kila moja ikiwa na muhuri wa shule pembeni. Muhuri huo ndio mali. Tangazo likiwa kwenye simu ya kijana, mama yake atalitilia shaka. Likipigwa muhuri wa shule, likasomwa tena kanisani Jumapili au kwenye baraza la chifu, linakuwa neno la wakubwa. Mawakala wanalijua jambo hilo, ndiyo maana hutafuta watu wenye jina: mwalimu, mchungaji, msanii, mtu maarufu wa TikTok.

Hatua ya nne ndiyo inayoniumiza zaidi, mimi niliyefundisha fizikia. Kazi ya silaha siku hizi imekatwakatwa vipande vidogo hata anayeifanya asiuone mwisho wake. Mmoja hupaka rangi bawa, wa pili hulehemu waya, wa tatu hupima betri. Somo ni lilelile la kidato cha tatu: mkondo wa umeme, sumaku, mwendo wa duara. Mwanafunzi aliyefunzwa vizuri atafanya kazi hiyo kwa fahari, naye hatajua kwamba kile alicholehemu kitaangukia jengo la watu mahali asipoweza hata kupataja. Ukiona vyaelea, vimeundwa, walisema wahenga wa pwani. Ukiona vyaruka, uliza vimeundwa na nani, kwa ujira gani, na kwa ajili ya nani.

Mbona tasnia yenye matrilioni ijisumbue na shule? Kwa sababu inahitaji mikono na heshima kwa pamoja. Mikono inaeleweka. Heshima inahitaji maelezo. Nchini Uingereza kampuni ya BAE Systems, ikishirikiana na jeshi la anga na jeshi la majini, imekuwa ikizungusha maonyesho ya sayansi katika mamia ya shule tangu 2005. Wapinzani wake, kama vile Campaign Against Arms Trade, hawasemi kwamba majaribio yanayoonyeshwa ni mabaya. Wanasema mtoto anayeijua kampuni hiyo kwa sumaku na vichekesho vya maabara atakuwa mzito kuihoji atakaposikia kwamba ndege zake zimetumiwa na Saudi Arabia katika vita vya Yemeni. Marekani, sheria ya elimu ya 2001 ilizilazimisha shule za upili zinazopokea fedha za serikali kuu kuwapa maafisa wa usajili wa jeshi majina, anwani na namba za simu za wanafunzi, isipokuwa mzazi akatae. Ujerumani kuna vyuo vikuu vilivyojifunga kwa kanuni ya kutofanya utafiti wa kivita, Bremen kikiwa cha kwanza mwaka 1986, lakini jimbo la Bavaria lilipitisha sheria mwaka 2024 ya kukataza kanuni za namna hiyo. Kwa hiyo hata penye demokrasia kongwe na shule tajiri, vuta nikuvute hii haijaisha. Sisi tulio na pengo la milioni tatu tukisema halituhusu tunajidanganya.

Wanayoniambia

Hoja ya kwanza ninayokutana nayo ni kwamba ninapinga jeshi, na kwamba watu wa Igembe hawawezi kulala bila mtu mwenye bunduki. Hapa pana mambo mawili yaliyochanganywa. Askari wa KDF au polisi wa akiba anayelinda mpaka wetu anatumikia Katiba. Kazi ya jeshi imeelezwa katika Kifungu cha 241, Bunge linaweza kumwita kamanda wake, na akikosea kuna mahakama. Kampuni ya silaha inawatumikia wenye hisa, au serikali ya nchi nyingine. Faida yake huongezeka vita vikirefuka, na ya askari hupungua. Mwaka 2019 polisi wa akiba walipopokonywa bunduki, kisha wakarudishiwa baadaye kwa sababu wizi wa mifugo ulikuwa haukomi, wananchi walijadili jambo hilo hadharani na wabunge wao wakagomba. Nani amewahi kujadili hadharani bei ya risasi, na nani hufaidika zikipigwa? Mimi sina ugomvi na kijana wa Laare anayekwenda kujaribu bahati siku ya usajili wa KDF. Ninachotaka ni kwamba aende akiwa mtu mzima, uwanjani, mbele ya macho ya watu, kwa masharti yaliyotangazwa gazetini. Asiandaliwe tangu darasa la saba na anayenufaika akishika bunduki.

Hoja ya pili husemwa na wahandisi: teknolojia ni ileile. Droni inayobeba bomu ndiyo hiyohiyo inayobeba damu ya wagonjwa, kama Rwanda ilivyoanza kufanya mwaka 2016. Nakubali, na kwa sababu hiyo nataka droni zifundishwe, tena kwa bidii, pale Nchiru, pale Embu na katika vyuo vya ufundi vya vijijini. Lakini anayelipia somo ndiye anayechagua swali. Mlipaji akiwa wizara ya afya, mwanafunzi atajifunza kuweka chanjo baridi hewani kwa saa moja. Mlipaji akiwa chama cha ushirika cha majani chai, atajifunza kutambua ugonjwa shambani kabla haujaenea. Mlipaji akiwa mtengeneza silaha, mwanafunzi atajifunza kukwepa rada. Hesabu ni moja, lakini miaka minne ya akili ya kijana imeelekezwa upande fulani, na upande huo haukuchaguliwa na mlipa kodi wa Meru.

Hoja ya tatu ni nzito, na anayeitoa kwa kawaida ni mzazi. Mwalimu, hukumpa binti yangu kazi, sasa unamfungia na hiyo iliyopatikana? Sipendi kumjibu mzazi huyo kwa methali. Namjibu kwa yaliyotokea. Tarehe 2 Aprili 2024 Ukraine iliishambulia Alabuga kwa droni zake, ikapiga jengo la hosteli, na watu zaidi ya kumi wakajeruhiwa. Mfanyakazi wa kiwanda cha silaha nchini mwenye vita ni shabaha, hata akiwa amekwenda kutafuta karo ya mdogo wake. Hilo halikuandikwa kwenye tangazo. Mwezi Septemba 2025 wapelelezi wetu waliwaokoa vijana zaidi ya 20 katika nyumba za kupanga huko Athi River, wakisubiri kusafirishwa kwenda Urusi. Kati ya fursa na mtego tofauti ni habari kamili. Mnunuzi wa miraa pale Maua hufungua jani la mgomba atazame kilicho ndani kabla hajatoa pesa, hata kama muuzaji ni shemeji yake. Ninachoomba ni kwamba mtoto wetu apewe nafasi hiyohiyo ya kufungua na kutazama.

Wapo wanaojibu kwamba msichana wa miaka 20 ni mtu mzima, ana kura, aachwe achague. Naam, achague. Lakini ridhaa bila habari si ridhaa, na shule haina ruhusa ya kukopesha muhuri wake kwa tangazo linaloficha bidhaa. Aliyetimiza umri anaweza kwenda kwa wakala mwenyewe. Ninalolikataa ni mwalimu kuwa daraja.

Hoja ya nne husema kwamba viwanda vyetu wenyewe ni fahari ya taifa. Kiwanda cha Ruiru kiligharimu karibu shilingi bilioni nne na kilitangazwa kuwa na uwezo wa kutengeneza bunduki 12,000 kwa mwaka. Kile cha risasi cha Eldoret kipo tangu miaka ya tisini. Kama taifa limeamua kujitengenezea silaha badala ya kuagiza, huo ni mjadala wa Bunge na bajeti, na ninaweza kuusikiliza. Hauhusiani na klabu ya sayansi ya wasichana. Tena, nchi hii ina historia ya kuiheshimu. Kenya ilikuwa moja ya nchi saba zilizoandika azimio la Umoja wa Mataifa la Desemba 2006 lililofungua njia ya mkataba wa biashara ya silaha duniani. Itifaki ya kudhibiti silaha ndogondogo katika eneo letu ilisainiwa Nairobi mwaka 2004 na inaitwa kwa jina la mji huo. Kenya pia imeliidhinisha Azimio la Shule Salama lililozinduliwa Oslo mwaka 2015, linalotaka shule zisitumiwe kwa shughuli za kijeshi. Serikali iliyoweka saini hizo haiwezi kushtuka tukidai mlango wa darasa ufungwe.

Na wale wanaosema kidogo cha ukakamavu wa kijeshi kingewanyoosha vijana wetu, nawakumbusha kwamba tulishajaribu. Kati ya 1984 na 1990 waliokuwa wakienda chuo kikuu walipitishwa kwanza katika mafunzo ya NYS. Mpango ulikufa, na migomo ya vyuo vikuu haikukoma hata siku moja kwa sababu yake. Kumbukumbu ya zamani zaidi ni chungu kuliko hiyo. Serikali ya kikoloni ilipozifunga shule huru mwaka 1952, zikiwemo za Embu, Chuo cha Ualimu cha Githunguri kiligeuzwa kuwa mahali pa kunyongea watu. Wazee wetu walijenga madarasa yale kwa michango ya senti, wakayaona yakichukuliwa na wenye bunduki. Hatukujifunza leo kwamba shule na silaha zikikaa pamoja, shule ndiyo inayohama.

La kufanya

Nianze na lililo karibu. Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 imezipa Bodi za Usimamizi mamlaka juu ya mali na ustawi wa shule. Kila bodi ipitishe azimio la ukurasa mmoja: hakuna mchango, zawadi, mhadhara wala tangazo la ajira litakalopokelewa kutoka kwa kampuni ya silaha au wakala wake, na kila mfadhili mwingine aandikwe kwenye daftari ambalo mzazi anaweza kulisoma. Daftari hilo litaje jina halisi la mfadhili, anachokitengeneza, kiasi alichotoa na alichopewa badala yake. Halina gharama. Linahitaji karani mmoja na kalamu.

Wadhamini wa kidini wana nafasi ya pekee hapa. Methodisti wa Kaaga, Waanglikana waliofika Kigari mwaka 1910, Wakatoliki na Wapresbiteri ndio waliozianzisha shule nyingi tunazojivunia, na sheria hiyohiyo inawatambua kama wadhamini wenye sauti katika maadili ya shule. Makanisa hutoa waraka kuhusu pombe na mavazi kila mwaka. Waraka mmoja wa pamoja kuhusu pesa za silaha ungefika kila parokia kabla waziri hajapata nafasi ya kusoma rasimu.

Kwa vyuo vya ufundi, ambako hatari ni kubwa zaidi, nataka kila tangazo la kazi au masomo ya nje lipitie kwa mwalimu wa ushauri nasaha na lijibu maswali matano kabla ya kubandikwa. Mwajiri ni nani kwa jina lililosajiliwa? Kiwanda kinatengeneza nini na kinamuuzia nani? Pasipoti itashikwa na nani? Mfanyakazi akitaka kuacha kazi mwezi wa pili, ataachaje, na nauli ya kurudi italipwa na nani? Wakala ameorodheshwa na Mamlaka ya Kitaifa ya Ajira? Likikosa jibu moja, halibandikwi. Mtu mwenye kazi halali ya kutoa atayajibu yote kwa barua pepe moja. Mwenye kuficha atakasirika, na hasira yake itakuwa imetujibu.

Kwa upande wa sheria hatuanzi upya. Bunge lilishakubali kwamba kuna bidhaa ambazo mwenyewe haruhusiwi kujipendekeza kwa hisani. Sheria ya Kudhibiti Tumbaku ya 2007 inakataza kampuni za sigara kutangaza na kudhamini, ingawa wakulima wa Embu na Meru wamelima tumbaku kwa mkataba miaka mingi. Sheria ya pombe ya 2010 imeiweka baa mita 300 kutoka shuleni. Sheria ya 2012 ya vibadala vya maziwa ya mama inawakataza watengenezaji kuwapa wahudumu wa afya zawadi, kwa sababu tuligundua kwamba kopo la bure wodini humfanya muuguzi kuwa mchuuzi. Sigara, bia na maziwa ya kopo tumeziwekea mpaka, lakini bunduki haina. Wabunge wa kaunti hizi mbili wangeweza kuwasilisha mswada mfupi wa kuongeza kifungu kimoja kwenye Sheria ya Elimu ya Msingi, na mwingine kwenye sheria ya vyuo vya ufundi.

Kisha pengo la pesa lizibwe, maana katazo bila pesa ni mzaha. Agizo la Mdhibiti wa Bajeti la Januari 2025 kuhusu basari za kaunti lilizua mvutano uliofika kortini, na wakati wakubwa wakibishana nani ana jukumu la elimu, wanafunzi walirudishwa nyumbani. Serikali za Meru na Embu zisaini mikataba inayotakiwa na serikali kuu, kisha zitenge fungu maalumu la vifaa vya maabara kwa shule za kutwa. Vyama vya ushirika vya chai na kahawa, ambavyo wanachama wake ndio wazazi wa wanafunzi hao, navyo vinaweza kulipia klabu za sayansi na kuziuliza maswali ya shambani.

Mwisho, silaha zifundishwe. Sitaki mtoto asiyejua chochote, kwa maana asiyejua ndiye anayechukuliwa kirahisi. Mwalimu wa historia aeleze risasi iliyookotwa mpakani Isiolo huenda ilitoka wapi, imepitia mikono ya nani, na kila mkono ulibakiza kiasi gani. Mwalimu wa fizikia afundishe droni yote, pamoja na kinachotokea mwisho wa safari yake. Mwalimu wa Kiswahili awape tangazo kama lile la Alabuga walichambue: nani anasema, anamwambia nani, na amenyamazia nini. Darasa lililofanya zoezi hilo mara moja ni vigumu kulihadaa.

Mkutano wa wazazi wa muhula huu utakuwa na ajenda zilezile za chakula, sare na alama. Mzazi mmoja akisimama kwenye "mengineyo" na kuuliza bodi ina msimamo gani juu ya pesa za watengeneza silaha, mwenyekiti atalazimika kujibu, na katibu atalazimika kuandika jibu kwenye kumbukumbu. Shule ambayo imeshaandika jibu lake haitaanza kulitafuta siku wakala atakapofika na hundi mkononi.